Kupiga picha za bendi jukwaani: Kazi ya mpigapicha wa muziki mkoani Singida

KUPIGA picha bendi ikiwa jukwaani ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Ukumbi una giza, wanamuziki hawatulii, taa hubadilika rangi kila mara, na mpigapicha hawezi kumwomba mwimbaji arudie ubeti kwa sababu tu alikuwa amefumba macho. Katika mkoa kama Singida ugumu mwingine huongezeka juu ya huo. Mara nyingi mpigapicha aliyepo usiku huo ni mmoja tu, naye akikosa picha, hakuna mwingine atakayekuwa nayo.

Jambo hilo lina uzito wake, kwani muziki wa dansi wa Tanzania umehifadhiwa zaidi kwa sauti kuliko kwa sura. Kwa miongo kadhaa baada ya uhuru, bendi nyingi zilirekodi nyimbo zao katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya kazi hizo ilibaki kwenye kanda za redio, ikirushwa hewani bila kutolewa kwenye santuri. Wimbo usiokuwa na santuri hauna jalada, na usipokuwa na jalada hakuna anayehimizika kumlipa mpigapicha. Hata nyimbo zilizobahatika kutolewa kwenye santuri ndogo, nyingi zikichapwa Nairobi, kwa kawaida ziliuzwa katika bahasha za karatasi zenye nembo ya kampuni badala ya sura za wanamuziki.

Matokeo yake yanaonekana hadi leo. Msikilizaji mwenye umri wa kutosha humtambua Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki dunia mwaka 1979, kwa mapigo machache ya gita. Mtu huyohuyo akionyeshwa picha ya bendi ya miaka ile, humtaja kiongozi na pengine mwimbaji mmoja, kisha hunyamaza. Mpiga besi, mpiga tumba na mpiga ridhim wamebaki sauti zisizo na sura wala majina. Ikiwa hali ni hiyo kwa bendi zilizosikika nchi nzima, ya bendi ndogo zilizopigia kumbi za mikoani haihitaji kuelezwa sana.

Picha na jina la bendi

Wapo walioelewa thamani ya picha mapema. Mfano unaotajwa mara nyingi barani Afrika ni wa Jean Depara, mzaliwa wa Angola wa mwaka 1928, aliyehamia mji ulioitwa Léopoldville, sasa Kinshasa, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alikuwa na kamera ndogo aliyoinunua kwa ajili ya harusi yake. Alipokutana na mwanamuziki Franco katikati ya miaka hiyo, akawa mpigapicha wake rasmi, akiingia naye katika baa na kumbi za usiku. Ulimwengu unajua leo jinsi usiku wa Kinshasa wa miaka ya 1950 na 1960 ulivyokuwa kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya mtu huyo, aliyefariki mwaka 1997.

Nchini Tanzania bendi kubwa za zama za Ujamaa zilimilikiwa na taasisi: NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, na Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, baadaye ilikuwa ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Majeshi nayo yalikuwa na bendi zao. Taasisi ndiyo iliyomiliki vyombo, ikatoa mishahara na sare. Kama ilihitaji picha, ilitaka ile ya wanamuziki waliosimama mstari mmoja wakiwa nadhifu. Picha hizo zina manufaa yake, lakini hazionyeshi bendi ikifanya kazi.

Hali ilibadilika katika miaka ya 2000. Kurasa za burudani za magazeti zilipanuka, kamera za dijitali zikaingia, na mwaka 2005 Muhidin Issa Michuzi, mpigapicha wa magazeti ya Serikali, akaanza kuweka picha zake kwenye intaneti ambako Watanzania wa ndani na nje waliziona siku ileile. Bendi za Dar es Salaam kama African Stars, maarufu Twanga Pepeta, na FM Academia zikawa na picha nyingi kuliko ambazo bendi zote za miaka ya 1960 zilipata kuwa nazo. Mikoani mabadiliko hayo yalifika taratibu, na kwa sehemu kubwa yalifika yakiwa ndani ya simu za mkononi.

Kwa bendi ya mkoani, picha nzuri ni barua ya utambulisho. Mwandaaji wa tamasha la Zanzibar au Dar es Salaam ambaye hajawahi kufika Singida huanza kwa kusikiliza sauti, kisha huuliza picha. Sauti za Busara, tamasha linalofanyika Mji Mkongwe tangu mwaka 2004, huwatangaza wasanii wake kwa picha miezi kadhaa kabla ya onyesho. Kikundi kisichokuwa na picha inayofaa kuchapwa huanza safari hiyo kikiwa nyuma ya wenzake.

Muziki wenyewe uko wapi?

Mkoa wa Singida, ambao kwa sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2, uko kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma kwenda Mwanza. Bendi inayosafiri kati ya ukanda wa pwani na Kanda ya Ziwa haina budi kupita hapo. Mpigapicha anayesubiri bendi za wageni pekee, hata hivyo, atakaa na kamera yake kabatini kwa majuma mengi.

Muziki wa kupigwa papo kwa papo unapatikana zaidi kwenye harusi, mikutano ya hadhara, sherehe za kitaifa na makanisani. Kwaya nyingi za siku hizi ni bendi kamili: zina gita la solo, ridhim, besi, kinanda na drams, na mafundi mitambo wao hawapungukiwi na wale wa baa. Maeneo ya Iramba, ambako wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walifanya kazi kwa miongo mingi na kujenga hospitali ya Kiomboi, yana mazoea ya muda mrefu ya uimbaji wa kwaya.

Upande wa kusini, Manyoni ni nyumbani kwa Wagogo, jamii ambayo muziki wake umefika mbali kuliko wa jamii nyingi za nchi hii kwa sababu ya Hukwe Zawose, mwanamuziki kutoka mkoa jirani wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003. Mpigapicha wa Singida anayetaka kujifunza kupiga picha za zeze, ilimba na ngoma za muheme hana haja ya kwenda mbali. Chamwino, mkoani Dodoma, limekuwapo tamasha la muziki wa Kigogo lililoanza mwaka 2009, ambako vikundi vya vijijini hupiga mchana, nje, katika mwanga wa kutosha. Ni darasa zuri kwa anayeanza.

Mwanga ndio adui na rafiki

Singida mjini iko kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mahali hapo ni karibu na ikweta. Jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni mwaka mzima, na giza huingia haraka. Baada ya dakika 20 au 25 mwanga wa machweo umekwisha. Bendi inayoanza kupiga nje saa 12 jioni humpa mpigapicha muda mfupi wa thamani kubwa, wakati anga bado ni buluu na taa za jukwaa zimeanza kuonekana. Anayefika saa 2 usiku ameukosa.

Usiku, ndani ya ukumbi, mambo matatu huamua picha: upana wa tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga. Lenzi inayokuja na kamera nyingi za bei nafuu ina tundu dogo, na watu hupoteza fedha wakinunua kamera mpya ilhali tatizo ni lenzi. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 ni miongoni mwa zile za bei ya chini kabisa, lakini hupitisha mwanga mara nyingi zaidi ya lenzi hizo. Kwa mwimbaji aliyesimama, kasi ya 1/125 ya sekunde hutosha. Wanenguaji na mpiga drams huhitaji 1/250 au zaidi. ISO ya 1600 hadi 6400 italeta chembechembe kwenye picha. Hilo si kosa la kuogopwa. Wapigapicha wa zamani waliotumia mikanda ya ISO 400 waliilazimisha hadi 1600 wakati wa kuisafisha, na chembechembe zao leo zinasifiwa. Picha iliyotikisika haina dawa.

Lipo tatizo la taa za kisasa za LED ambalo huwashangaza wengi. Umeme wa Tanzania hupishana mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei rahisi huwaka na kufifia mara 100 katika sekunde hiyohiyo bila jicho kung'amua. Kamera hung'amua. Shata ikienda kasi sana, picha hutoka na michirizi ya giza iliyolala, au nusu ya mwimbaji ikiwa na rangi tofauti. Kurudisha kasi kwenye 1/100 au 1/50 huondoa sehemu kubwa ya michirizi hiyo. Jenereta isiyotulia huongeza matatizo, na hapo mpigapicha hana la kufanya ila kupiga picha nyingi na kuchagua.

Taa nyekundu pekee nazo huharibu sura: uso huwa bapa kama karatasi, bila pua wala mashavu. Mpigapicha mzoefu husubiri taa igeuke, au huibadilisha picha hiyo kuwa ya rangi nyeusi na nyeupe.

Ngozi nyeusi inahitaji uangalifu ambao vitabu vingi vya upigaji picha, vikiwa vimeandikwa kwa ajili ya Ulaya, havikuutilia maanani. Kamera ikiachwa ijiamulie, hutafuta wastani wa mwanga wa picha nzima. Mbele ya ukuta uliopakwa chokaa au anga la mchana, itamfanya mwimbaji kuwa kivuli. Mbele ya pazia jeusi lenye taa moja ya kumulika, itafanya kinyume na kuuunguza uso wake. Dawa ni kuielekeza kamera ipime mwanga usoni peke yake. Kwenye simu, kugusa uso kwenye kioo na kisha kushusha au kupandisha mwanga kwa kidole hutoa matokeo yaleyale.

Flashi itumike mara chache. Humkera mwanamuziki anayesoma mkono wa mwenzake, huua rangi za jukwaa, na kanisani huvuta macho ya waumini wote. Ikilazimu, ielekezwe kwenye dari nyeupe kama ipo.

Kukaa wapi, kusubiri nini

Anayepiga picha za bendi kama anayepiga picha za mkutano atapata safu ya watu wenye vipaza sauti mdomoni. Inafaa kuusikiliza muziki kwanza. Wimbo wa dansi huanza taratibu kwa mashairi, waimbaji wakiwa mbele na wametulia. Huo ndio wakati wa sura. Baadaye wimbo huchemka, magita yanashika usukani, rapa anaanza kuita majina na wanenguaji wanatoka. Hapo mpigapicha arudi nyuma apate jukwaa zima. Katikati ya hayo huja kipindi cha kutuza, mshabiki anapopanda jukwaani na kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Tukio hilo hudumu sekunde mbili tatu, na ndani yake kuna bendi, wasikilizaji na uchumi wa usiku ule kwa pamoja.

Kipaza sauti kisizibe mdomo. Hatua moja pembeni hulimaliza tatizo hilo. Mpiga gita apigwe picha kutoka upande wa shingo ya gita ili vidole vyake vionekane. Mpiga drams, ambaye daima hufichwa nyuma, anastahili kufuatwa huko huko nyuma. Ilimba hupigwa kwa vidole gumba ndani ya mikono miwili, hivyo picha ya kutoka mbele haionyeshi chochote. Mpigapicha asimame juu au nyuma ya bega la mpigaji. Wanawake wa Kigogo wapigapo muheme hubana ngoma kati ya mapaja, na uzuri wa picha uko chini, usawa wa ngoma, si usawa wa macho ya mtu aliyesimama.

Kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba hivi, upepo wa Singida hubeba vumbi jingi, na miguu ya wachezaji huongeza lake. Kwenye picha ya jioni vumbi hilo ni pambo. Ndani ya kamera ni hasara. Lenzi ibadilishwe kamera ikiwa imefunikwa kwa kitambaa na imeelekezwa chini, au isibadilishwe kabisa hadi mwisho wa onyesho.

Ruhusa na haki

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua picha kuwa kazi zinazolindwa, sawa na nyimbo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeongeza wajibu wa kuangalia jinsi sura ya mtu inavyotumika. Migogoro mingi, hata hivyo, haitokani na vifungu vya sheria bali na maneno ambayo hayakusemwa mapema: bendi hudhani picha ni yake kwa kuwa sura ni zake, mpigapicha hudhani ni yake kwa kuwa kamera ni yake, na mwenye ukumbi ameshaichapa kwenye bango. Karatasi moja yenye mistari mitano, iliyotiwa saini na kiongozi wa bendi kabla ya onyesho, ikieleza nani atatumia picha wapi na kwamba jina la mpigapicha litaandikwa, huepusha hayo. Bendi nyingi za mkoani hazina uwezo wa kulipa fedha taslimu. Hilo linaeleweka, lakini hata makubaliano yasiyo ya fedha yanafaa kuandikwa.

Kanisani ruhusa hutoka kwa mchungaji na mwalimu wa kwaya. Kijijini, mpigapicha apitie kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha awaamkie wazee wa kikundi na kukaa nao kidogo kabla ya kutoa kamera kwenye mfuko. Kijana anayeanza kupiga picha kabla ya kutoa shikamoo amejifungia mlango mwenyewe. Bendi ya jeshi isipigwe picha kambini bila kibali.

Upo pia muziki ambao haufai kupigwa picha. Wahadzabe, ambao baadhi yao huishi Mkalama kuelekea Ziwa Eyasi, wana ngoma iitwayo epeme. Huchezwa usiku usio na mbalamwezi, katika giza totoro, wanaume wakitoka mmoja baada ya mwingine na kengele miguuni huku wanawake wakiimba. Giza ni sehemu ya ngoma yenyewe. Mtu anayewasha flashi hapo anaiharibu ngoma, na picha atakayoondoka nayo itakuwa ya kitu kingine.

Baada ya onyesho

Kazi inayopuuzwa kuliko zote hufanyika taa zikiwa zimezimwa. Mwaka 2008 taasisi ya Ketebul Music ya Nairobi ilipotoa historia ya benga ikiwa na kijitabu, CD na DVD, ilikuwa ikikusanya habari za wanamuziki ambao wengi wao walikwisha kufariki. Utafiti wa namna hiyo, ukifanyika siku moja kwa ajili ya muziki wa katikati ya Tanzania, utategemea maelezo yaliyoandikwa nyuma ya picha. Picha iliyoandikwa "bendi, Singida" haimsaidii mtafiti. Yanahitajika majina kamili, chombo ambacho kila mmoja alipiga, ukumbi, mji na tarehe. Majina yaulizwe papo hapo na kuandikwa kama wenyewe wanavyoyataja, pamoja na majina yao ya jukwaani, kwa sababu baada ya miaka kumi hata wenzao hukumbuka lile la utani tu.

Kutuma picha kwa WhatsApp na kufuta iliyobaki ni njia ya uhakika ya kuipoteza, kwani programu hiyo kwa kawaida huipunguza ukubwa, na nakala iliyopunguzwa haifai kuchapwa kwenye bango. Faili halisi ikae mahali pawili tofauti, mathalani kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje inayowekwa nyumba nyingine. Chache zilizo bora zichapwe kwenye karatasi na kuandikwa nyuma kwa penseli, maana wino wa kalamu hupenya na kuchafua.

Na kabla vyombo havijapakiwa kwenye gari, wapigapicha makini huomba dakika mbili. Hukusanya kundi zima mbele ya spika, likiwa bado na jasho, kuanzia kiongozi hadi kijana anayebeba nyaya na fundi mitambo ambaye usiku kucha alikuwa nyuma ya meza yake. Hupiga picha moja, kisha hupita na daftari wakiandika majina kutoka kushoto kwenda kulia.